Baridi yabisi si uvivu: namna ya kuyapunguzia mikono na magoti mzigo wa kazi za nyumbani

Na Mwandishi Wetu

Ukisimama kando ya barabara itokayo katikati ya jiji la Mwanza kuelekea Mkuyuni na Butimba, kisha ukainua macho upande wa mlimani, utaiona Igogo jinsi ilivyopandana: nyumba juu ya jiwe na jiwe juu ya nyumba. Chini huko iko reli, ile iliyofika Mwanza kutoka Tabora mwaka 1928, na baada ya reli ni ziwa. Mgeni huutazama mlima huo akasifu mandhari. Mkazi wake huutazama kwa hesabu nyingine: mawe ya kupanda, ndoo za kupandisha na mahali pa kutua njiani ili kuvuta pumzi.

Nilipopiga hodi katika nyumba moja ya mlimani hapo, mama mwenye nyumba alinikaribisha kwa uchangamfu. Nilimwamkia, “Shikamoo mama,” nikanyosha mkono kama ilivyo ada. Akaitikia, “Marahaba mwanangu,” lakini mkono wake ulibaki ndani ya kanga. “Nisamehe,” akasema. “Salamu nitakupa ya mdomo. Mkono asubuhi hii haushikiki.”

Mama huyu ana umri wa miaka 53. Kwa muda mrefu amekuwa akiwakaangia maandazi wafanyakazi wanaoteremka kwenda kazini alfajiri. Aliniomba jambo moja tu, kwamba jina lake lisiandikwe. “Wateja wakisikia mikono yangu ni migonjwa, nani atakula andazi langu?” aliuliza. Ombi hilo nimeliheshimu. Lakini yafaa isemwe mapema, kwa faida ya wote wenye wasiwasi kama wa wateja hao, kwamba maradhi aliyo nayo hayaambukizi kwa chakula, wala kwa kushikana mikono, wala kwa kulala kitanda kimoja.

Maradhi yenyewe ni baridi yabisi.

YALIVYOANZA

Yalianza kwa vidole. Kila alipoamka alivikuta vimekakamaa, na ilimchukua zaidi ya saa nzima kabla ya kuweza kukunja ngumi. Baadaye vifundo vya mikono vikavimba, vyote viwili, kisha magoti. Unga wa ngano aliokuwa akiukanda kwa dakika chache ukawa mateso. Ndoo ya maji, ambayo tangu usichana wake hakuwahi kuihesabu kuwa mzigo, ikamshinda.

“Kilichoniuma zaidi si viungo,” alinieleza. “Wifi yangu alisema mbele za watu kwamba ninajidekeza. Ukiwa na kidonda watu wanakiona. Haya ya ndani ya mfupa nani atayaona?”

Kwa kuwa mama hakusema, kazi zake zilianza kumwangukia binti yake aliye kidato cha pili. Binti aliamka saa kumi usiku, akateka maji, akakanda unga, akafagia, ndipo akajiandaa kwa shule. Kaka zake wawili walikuwa wamelala. Mama alikuja kutambua ukubwa wa jambo hilo siku alipoitwa shuleni na kuelezwa kwamba mtoto wake huchelewa mara tatu kwa juma, na kwamba akifika husinzia. “Niliposhuka ule mlima siku ile nililia,” alisema. “Niliona wazi kwamba ugonjwa ni wangu, lakini anayefukuzwa nao shuleni ni mwanangu.”

Usiku huo alimweleza mumewe kila kitu. Baada ya siku chache wakaenda hospitali pamoja.

UGONJWA GANI HUU?

Jina baridi yabisi ni la kale. Yabisi ni neno lenye asili ya Kiarabu, maana yake kavu au kakamavu. Jina hilo limebaki kutoka katika uganga wa zamani uliogawanya maradhi kwa joto na baridi, kwa ukavu na umajimaji. Kwa ajili ya jina hilo, watu wengi wanaamini kwamba ugonjwa huletwa na kufua kwa maji ya baridi au kukaa sakafuni. Ni kweli kwamba baadhi ya wagonjwa husikia maumivu zaidi wakati wa baridi. Lakini baridi siyo inayozaa ugonjwa.

Maradhi ya viungo ni mengi, na si vizuri kuyachanganya. Lililo la kawaida zaidi ni kulika kwa gegedu, yaani ile sehemu laini inayofunika ncha za mifupa mahali inapokutana. Hili huwapata hasa watu wa makamo na wazee, kwenye magoti, nyonga na vidole. Kiungo huuma kikitumika, na ukakamavu wa asubuhi kwa kawaida hauzidi nusu saa.

Baridi yabisi yenyewe ni jambo jingine. Hapa kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, hukosea adui na kuushambulia utando wa ndani wa viungo. Viungo huvimba, aghalabu vya pande zote mbili kwa pamoja, na asubuhi hukakamaa kwa muda mrefu. Mgonjwa huchoka mwili mzima. Ugonjwa huu huwapata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume, wala hausubiri mvi. Hata watoto huweza kupata maradhi ya viungo ya namna yao.

La tatu ni jongo, linalotokana na kuzidi kwa asidi ya uriki mwilini. Huanza ghafula, mara nyingi usiku, na hupenda kukishika kidole gumba cha mguu. Pombe na nyama nyingi huliamsha.

Tena si kila maumivu ya viungo ni mojawapo ya hayo matatu. Katika mikoa ya wafugaji kama yetu, maziwa yasiyochemshwa huweza kuleta ugonjwa wa kutupa mimba kwa mifugo, ambao kwa binadamu huleta homa za mara kwa mara na maumivu ya viungo. Selimundu, ugonjwa unaopatikana kwa wingi Kanda ya Ziwa, nao huanza kwa kumliza mtoto kwa maumivu ya mifupa na mikono. Kwa hiyo dawa ya jirani haiwezi kuwa dawa yako kabla ya kupimwa.

USINUNUE MAUMIVU DUKANI

Mama wa Igogo alikiri kwamba kabla ya kwenda hospitali alikuwa amemeza vidonge vya maumivu kwa karibu mwaka mzima, akivinunua viwili viwili katika duka la dawa. Hilo ni kosa la wengi. Vidonge kama diklofenaki na ibuprofeni vina kazi yake, lakini vikitumiwa kwa muda mrefu bila uangalizi huweza kutoboa tumbo na kudhuru figo, hasa kwa mwenye shinikizo la damu au mwenye umri mkubwa. Isitoshe, vinatuliza maumivu tu. Havizuii ugonjwa kuendelea kula kiungo.

Kwa baridi yabisi ziko dawa zinazouzuia ugonjwa wenyewe. Inayotumika sana ni methotreksati, na hufaa zaidi ikianzwa mapema kabla viungo havijaharibika. Dawa hiyo kwa ugonjwa huu humezwa mara moja tu kwa juma. Anayeimeza kila siku kwa kudhani atapona haraka anahatarisha maisha yake. Haifai kwa mwanamke mjamzito au anayetarajia kupata mimba, na mtumiaji hana budi kupimwa damu kila atakapoagizwa.

Wakazi wa Mwanza wana bahati ya kuwa na Hospitali ya Rufaa ya Bugando juu ya kilima chake na Hospitali ya Mkoa ya Sekou Toure. Mwenye kuvimba viungo kwa zaidi ya majuma machache asingoje. Na kama kiungo kimoja kimevimba ghafula, kina moto na mgonjwa ana homa, aende siku hiyo hiyo, maana huenda ni usaha ndani ya kiungo. Wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wakumbuke kwamba Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliwatambua katika matibabu bila malipo, basi waulize utaratibu uliopo wafikapo.

MASWALI MATATU

Dawa hufanya kazi polepole, na kazi za nyumbani hazisubiri. Hapo ndipo familia hii ilipofanya jambo ambalo naona lafaa kuigwa. Jumapili moja jioni waliketi wote, baba, mama na watoto watatu, wakaandika katika karatasi ya daftari kila kazi inayofanyika nyumbani tangu alfajiri hadi usiku. Zilifika 31. Baba mwenye nyumba, ambaye ni mfanyakazi wa miaka mingi, aliniambia kwamba kabla ya hapo angeulizwa angetaja kama kumi.

Kwa kila kazi waliuliza maswali matatu. Je, kazi hii ni ya lazima? Je, ni lazima aifanye mama? Je, ni lazima ifanywe kwa namna hii? Kazi chache zilifutwa, kama kupiga pasi mashuka. Nyingi zilipata mtu mwingine. Zilizobaki kwa mama zilitafutiwa njia nyepesi. Yafuatayo ni baadhi ya mambo waliyoyafanya, pamoja na mengine ambayo wataalamu wa tiba ya utengamao huwafundisha wagonjwa wao.

KANUNI YA KWANZA: KIUNGO KIKUBWA KIMSAIDIE MDOGO

Kidole ni kiungo kidogo na dhaifu. Kiganja kina nguvu kuliko kidole, kiwiko kuliko kifundo cha mkono, na bega kuliko kiwiko. Basi mfuko wa sokoni usiukamate kwa vidole, uvike mkononi karibu na kiwiko au uutundike begani. Sufuria usiinyanyue kwa ncha za vidole vya mkono mmoja, ikumbatie kwa viganja viwili vilivyofungwa vitambaa vinene. Mlango usukume kwa bega. Kikombe cha chai kishike kwa mikono miwili, na ule uvuguvugu wake utaifaa mikono pia.

KANUNI YA PILI: MPINI MNENE

Kadiri mpini unavyokuwa mwembamba, ndivyo vidole vinavyolazimika kukaza zaidi. Mwaka 1990 nchini Marekani, mfanyabiashara Sam Farber alianza kuuza vyombo vya jikoni vyenye mipini minene ya mpira laini. Wazo lilitokana na kumwona mkewe, Betsey, ambaye alikuwa na maumivu ya viungo, akitaabika na kifaa cha kumenyea. Vyombo hivyo vilipendwa hata na watu wenye mikono mizima, na kampuni yake ya OXO ikapata jina duniani.

Igogo hakuna haja ya kuagiza Marekani. Mtoto wa kiume wa familia hii alikwenda kwa fundi baiskeli akaomba tyubu kuukuu, akaikata vipande virefu vyembamba, akavizungusha kwenye mpini wa kisu, wa upawa, wa kijiko cha mama na hata wa mswaki, hadi ukawa mnene wa kujaza kiganja. Kipande kingine cha tyubu hutumika kufungulia vifuniko. Mpira hautelezi, hivyo kifuniko cha chupa ya chai au cha dumu hugeuka kwa kukandamiza kiganja tu. Na wengine wa nyumbani walikumbushwa wasikaze vifuniko kama wanaofunga nati za gari.

MAJI

Lita 20 za maji ni kilo 20, mbali na uzito wa ndoo yenyewe. Mwenye viungo vibovu hapaswi kuzibeba, hasa katika njia ya mawe. Katika nyumba hii kazi ya maji sasa ni ya vijana wa kiume kwa zamu. Maji hujazwa katika pipa lililowekwa juu ya matofali, likatobolewa chini na kutiwa koki yenye mkono wa kusukuma, si ya kuzungusha. Mama hahitaji kuinama wala kuinua. Huweka chombo chini ya koki na kuisukuma kwa upande wa kiganja. Asiye na koki atumie kopo dogo lenye mkono kuhamishia maji kidogo kidogo, na dumu la lita tano badala ya ndoo. Safari nne nyepesi ni bora kuliko moja inayomlaza mtu siku mbili.

JIKONI

Kigoda kifupi ni adui wa goti. Jiko la mkaa la mama huyu sasa limepandishwa juu ya jukwaa la mawe lililojengewa udongo, mawe ambayo Igogo hayanunuliwi, na mama hukaa kwenye kiti cha kimo cha kawaida, miguu ikigusa chini. Haiinamishi tena shingo ndani ya moshi, na kuinuka si vita. Jukwaa liwe imara na pana, sufuria isije ikaanguka, na liwe mbali na michezo ya watoto.

Ugali ni kazi ya nguvu, na nguvu zaidi ni ile ya mwisho, unga unapokaza. Mwiko ukishikwa kama kalamu huua vidole. Ushikwe kwa ngumi, mwendo utoke begani, na sufuria izuiwe na mtu mwingine au na fremu ya mbao isizunguke. Mama huanza kuupika, kisha mmoja wa vijana huusonga hadi uive. “Mwanzoni walitoa mabonge,” alicheka. “Tuliyala. Sasa kijana wangu mdogo anasonga kunishinda.”

Maharage yalowekwe tangu jana yake. Huiva upesi, mkaa hupungua na muda wa kusimama jikoni hupungua. Kwa kumenya na kukata, pigilia misumari miwili safi katika ubao ili ncha zitokeze upande wa juu, kisha chomeka kitunguu au kiazi hapo. Kisu kitafanya kazi bila mkono wa pili kukaza. Ubao huo utundikwe juu, watoto wasiufikie. Samaki, ama sato ama sangara, aombwe muuzaji amtoe magamba na matumbo huko huko sokoni. Senti chache utakazolipa si ubadhirifu, ni bei ya vidole vyako.

Na maandazi je? Unga sasa hukandwa jioni na kaka mkubwa, ukiwa laini kidogo na hamira haba, ukaachwa umefunikwa usiku kucha. Muda unafanya sehemu kubwa ya kazi ambayo zamani ilifanywa na mikono. Alfajiri mama husukuma, hukata na kukaanga, akiwa amekaa.

KUFUA NA KUFAGIA

Zamani nguo za nyumba nzima zilingoja Jumamosi. Mlima huo wa nguo ndio uliokuwa ukimlaza mama Jumapili na Jumatatu. Sasa hufuliwa chache kila siku, na kila mtoto mwenye umri wa kutosha hufua zake. Nguo hulowekwa kwa sabuni usiku ili uchafu ujitoe wenyewe. Kukamua kwa kunyonga vidole ni hatari kwa kifundo cha mkono. Zungusha nguo kwenye nguzo au mti safi, ukutanishe ncha zake mbili na kuzisokota kwa mikono yote, au ikandamize tu kwa viganja na kuianika ikichuruzika. Jua la Mwanza litamaliza kazi. Beseni liwe juu ya benchi, si chini.

Ufagio wa njiti ufungwe kwenye mti mrefu ili mgongo na magoti visiiname. Vifungo vya gauni, vinavyowatesa wengi asubuhi, vibadilishwe na kamba, mpira wa kiunoni au zipu iliyotiwa kitanzi cha kuvutia.

CHOONI

Jambo hili watu huona haya kulisema, kwa hiyo wagonjwa wengi huteseka kimya. Choo cha kuchuchumaa humtaka mtu akunje magoti yote na kuinuka bila msaada. Nimesikia habari za wazee wanaojinyima chakula na maji ili wasiende chooni mara kwa mara. Hiyo ni aibu yetu sisi wenye magoti mazima. Seremala yeyote aweza kutengeneza kiti imara chenye tundu katikati, kinachowekwa juu ya shimo na kuondolewa kwa kuoshwa. Mti imara ukikazwa ukutani, kimo cha kiuno, utamsaidia kukaa na kuinuka. Usiku pawe na taa. Huduma hii ndogo humrudishia mtu heshima yake kuliko zawadi ya kitenge.

NJIA YA MAWE

Kwa wakazi wa milimani, Igogo na kwingineko, kuna kanuni inayofaa kukaririwa: wakati wa kupanda, mguu mzima hutangulia; wakati wa kushuka, mguu mgonjwa hutangulia. Mkongojo hushikwa kwa mkono wa upande ulio kinyume na goti linalouma, na ncha yake ivikwe mpira isiteleze juu ya jiwe. Mwenye uzito uliozidi ajue pia kwamba kila kilo moja anayoipunguza hulipunguzia goti mzigo wa karibu kilo nne katika kila hatua. Ukizihesabu hatua za kutoka barabarani hadi nyumbani, utaona faida yake.

KAZI NA PUMZIKO

Wako wanaodhani kwamba mgonjwa wa viungo akae tu. Hilo nalo ni kosa. Kiungo kisichotumika hukakamaa zaidi na misuli yake hunyong'onyea. Asubuhi mama huyu hutumbukiza mikono katika maji ya uvuguvugu kwa dakika chache, kisha hufungua na kukunja vidole taratibu. Akiwa ameketi hunyosha mguu mmoja mbele, akaushikilia hewani huku akihesabu hadi tano, akaushusha, kisha mwingine. Mazoezi hayo huimarisha misuli inayolishikilia goti.

Kipimo cha kujua kama umezidisha ni rahisi. Ukiona maumivu yaliyoongezeka kwa sababu ya kazi yanaendelea zaidi ya saa mbili baada ya kuiacha, basi kesho ipunguze. Changanya kazi nzito na nyepesi, na pumzika kabla ya kuchoka kabisa, si baada yake.

Mchoraji maarufu wa Ufaransa, Pierre-Auguste Renoir, aliugua baridi yabisi kwa zaidi ya miaka 20 hadi alipofariki mwaka 1919. Vidole vyake vilijikunja kabisa. Hata hivyo aliendelea kuchora, akiwekewa brashi mkononi na watu wa nyumbani kwake. Hakushinda peke yake. Alikuwa na watu waliokubali kuwa sehemu ya mkono wake.

VIDOLE VILIVYOPINDA SI USHAHIDI

Liko neno moja zito ambalo hatuwezi kuliacha. Katika mikoa yetu ya Kanda ya Ziwa, akina mama vikongwe wamewahi kushutumiwa uchawi na hata kuuawa, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa miaka mingi jikoni. Vidole vilivyopinda na mgongo ulioinama visiwe sababu nyingine ya minong'ono. Vidole hivyo vimepindwa na ugonjwa wenye jina na matibabu. Kila mzazi anayewaeleza watoto wake ukweli huo anamlinda bibi wa mtu.

Wala jambo hili si dogo kitaifa. Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti, pamoja na wenzao wa Moshi, walianza kuyachunguza maradhi ya viungo nchini Tanzania. Hawakutazama viungo tu, walitazama pia maisha ya mgonjwa na gharama zinazoiangukia familia. Gharama hizo si fedha peke yake. Nyingine huandikwa katika daftari la mahudhurio ya shule.

NILIPORUDI

Nilirudi Igogo baada ya miezi kadhaa, saa kumi na mbili kasoro asubuhi. Nilimkuta baba mwenye nyumba anafagia uwanja. Aliponiona hakuuficha ufagio. “Mwandishi,” alisema, “miaka yote mimi nilidhani nyumba inajifagia yenyewe.” Kaka mkubwa alikuwa anapandisha maji. Mama alikuwa kwenye kiti chake, mbele ya jiko lililoinuliwa, anageuza maandazi kwa upawa uliozungushiwa tyubu ya baiskeli. Hajapona. Iko siku, alisema, ambapo bado hawezi kufunga kanga yake mwenyewe. Lakini uvimbe umepungua, na wiki iliyotangulia wifi yake alikuja kumsaidia kufua bila kuitwa.

Binti alitoka ndani amevaa sare, madaftari kwapani. Alituamkia, akachukua andazi moja, akashuka mlima mbio kama wafanyavyo watoto wenye magoti mazima. Mama alimtazama mpaka alipopotea nyuma ya jiwe.

“Siku hizi anafika kabla ya kengele,” alisema, akarudi kwenye karai lake.

 Huenda nyumbani kwako yuko mtu anayeficha mkono ndani ya kanga au anayekawia kuinuka kitini. Chukua karatasi, waite wote, wake kwa waume, wakubwa kwa wadogo, mziandike kazi za nyumba yenu. Kisha ulizeni yale maswali matatu.